Brexit, benefiti na wabeba boksi: maswali yanayorudi kila siku

Ukikaa na watu, wawe wako Bongo wanapanga safari au wako hapa Uingereza mwaka wa kumi, maswali ni haya haya, na mengi yanakuja yameshachanganywa. Mpoland wa shambani, mdada wa Mombasa mwenye viza ya kea (kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa) na kijana aliyevuka na boti wote wanatiwa kapu moja wanaitwa "wageni wanaokula benefiti", yaani posho za serikali. Hapa nawatenganisha. Msimamo wangu sifichi: mgeni anayefanya kazi alibebeshwa lawama za mambo ambayo serikali yenyewe iliyafanya. Ila pia ile hadithi kwamba kila aliyepiga kura ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya (Brexit) ni mbaguzi, mimi siinunui.

Kwani Brexit ilishinda kwa kura ngapi?

Asilimia 51.9 kwa 48.1, tarehe 23 Juni 2016. Watu milioni 17.4 kwa milioni 16.1. Scotland, Ireland ya Kaskazini na London walitaka kubaki. Kutoka rasmi kukaja 31 Januari 2020, lakini kile watu walichokuwa wanagombania hasa, yaani Mlithuania kupanda basi leo na keshokutwa kaanza kazi Peterborough bila kuomba viza ya mtu, kilikatika 31 Desemba 2020.

Mbona Umoja wa Ulaya ni mambo ya biashara, uhamiaji uliingiaje?

Uliingia 2004. Mwaka ule nchi kumi ziliingia Umoja wa Ulaya kwa mpigo, nane zikiwa za Ulaya Mashariki, Poland ndiyo kubwa yao. Wakubwa wengine wakasema ngojeni kwanza, Ujerumani ikafunga soko lake la ajira mpaka 2011. Uingereza ya Tony Blair, pamoja na Ireland na Sweden, wakafungua mlango siku ile ile. Wataalamu walikuwa wameiambia serikali kwamba watakuja kati ya 5,000 na 13,000 kwa mwaka, hesabu ambayo ilidhani nchi nyingine nazo zitafungua. Nyingi hazikufungua. Sensa ya 2001 ilihesabu watu kama 58,000 waliozaliwa Poland ndani ya England na Wales, sensa ya 2011 ikakuta 579,000.

Sasa hapo hata ungekuwa wewe, mwanasiasa kakwambia elfu kumi na tatu halafu mtaani kwako unaona vingine kabisa, utamwamini tena? Halafu waziri mkuu Cameron akaja 2010 na ahadi yake ya kushusha uhamiaji mpaka chini ya laki moja kwa mwaka, wakati anajua nusu ya mlango hana ufunguo wake. 2015 ikaisha na zaidi ya laki tatu. Nadhani ahadi ile ndiyo iliyoharibu zaidi kuliko wahamiaji wenyewe.

Huko vijijini walilalamika nini hasa?

Chukua Boston, ile ya Lincolnshire siyo ya Marekani. Mji mdogo, umezungukwa na mashamba ya kabichi, brokoli na viazi. Mwaka 2016 asilimia 75.6 walipiga kura ya kutoka, hakuna eneo lililowapita nchi nzima. Kufikia 2011 karibu mtu mmoja kati ya kumi alikuwa katoka zile nchi mpya za Ulaya, na miaka kumi nyuma walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Malalamiko yalikuwa ya kawaida tu, nyumba moja wanalala watu kumi kwa zamu, kodi ya pango inapanda kwa sababu mwenye nyumba anapata zaidi akikodisha kwa kitanda, kwa daktari foleni, na kazi ya shamba ambayo zamani mama wa pale alikuwa anaenda msimu sasa imeshikwa na ejensi (kampuni za kukodisha vibarua) na ejensi inaleta watu wake kwa gari saa kumi alfajiri. Haya siyo uongo. Ila angalia nani yuko nyuma yake: mwenye nyumba, ejensi, supamaketi inayombana mkulima bei, na serikali iliyokuwa inapunguza pesa za kaunsili (halmashauri) wakati huo huo watu wanaongezeka. Mpoland mwenyewe ndiye aliyelala wa kumi kwenye chumba.

Na hatari ya kazi za ejensi ilikuwa inajulikana. Februari 2004 pale Morecambe Bay Wachina zaidi ya ishirini walizama usiku wakiokota kome, msimamizi wao hakujali maji kujaa. Ndipo ikatungwa sheria ya leseni kwa hao wasimamizi wa vibarua. Sheria ikaja baada ya maiti.

Ni kweli Wazungu wa Ulaya Mashariki walikuja kula benefiti?

Wachache walikula, wengi walikuja kubeba boksi, yaani kazi za mikono, kama sisi. Uchunguzi wa wachumi wa chuo kikuu cha UCL uliotoka 2014 ulikuta wahamiaji wa Ulaya waliofika kuanzia 2000 walilipa kodi kuliko walichochukua, na hata wale wa nchi kumi za Ulaya Mashariki peke yao walibakiza faida. Ukifikiri kidogo unaona kwa nini: mtu anakuja ana miaka 24, shule kasomeshwa na nchi yake, mzima wa afya, anaanza kulipa kodi wiki ya kwanza.

Penye ugomvi halisi ni ile nyongeza ya mshahara. Uingereza ukifanya kazi na mshahara ni mdogo serikali inakuongezea, enzi hizo ikiitwa tax credits, sasa imeingizwa ndani ya Universal Credit. Kwa hiyo Mbulgaria mwenye watoto wawili anayeosha sahani kwa mshahara wa chini alikuwa anaongezewa sawa na Mwingereza, na posho ya watoto aliweza kupata hata watoto wakiwa wamebaki kwao. Hii iliwauma watu sana. Februari 2016 Cameron akaenda Brussels akarudi na makubaliano kwamba nchi ikizidiwa inaruhusiwa kuwanyima wageni wapya nyongeza hiyo mpaka miaka minne. Magazeti yakamcheka, miezi minne baadaye akapigwa, akajiuzulu, na makubaliano yale hayakutumika hata siku moja.

Na swali ambalo hakuna aliyetaka kuuliza ni hili: kwa nini mtu anafanya kazi saa arobaini halafu bado serikali imwongezee ndiyo ale? Hiyo benefiti anayekula kweli ni mwajiri.

Wageni wanashusha mishahara?

Kidogo, na kwa watu fulani. Karatasi ya utafiti iliyotolewa na Benki Kuu ya Uingereza 2015 ilikuta kwenye kazi za huduma zisizo na ujuzi mkubwa, wageni wakiongezeka kwa pointi kumi za asilimia basi mshahara unashuka kama asilimia 2. Kamati inayoishauri serikali kuhusu uhamiaji nayo 2018 ikasema athari kwa jumla ni ndogo. Kwa hiyo profesa akisema "haina athari" na kibarua akisema "imeniathiri" wanaweza wote kuwa wakweli, mmoja anaongelea wastani wa nchi mwingine anaongelea mfuko wake.

Lile basi jekundu la pauni milioni 350 lilikuwa nini?

Basi la kampeni lililoandikwa kwamba tunawapelekea Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, tuzipeleke hospitali badala yake. Hesabu ilikuwa ya kabla ya punguzo ambalo Uingereza ilikuwa inapewa, na kabla ya pesa inayorudi kwa wakulima na miradi. Wakaambiwa, mamlaka ya takwimu ikawakemea, wakaendelea. Yaani hilo basi lilikuwa na akili, maana kila mtu alipobisha kuhusu namba alikuwa anarudia namba.

Sisi Waafrika tuliruhusiwa kupiga kura ile?

Ndiyo, na wengi mpaka leo hawajui! Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali alikuwa na haki. Mkenya, Mtanzania, Mganda, hata Mnyarwanda maana Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola 2009. Mwanafunzi wa Kenya aliyefika mwaka jana yake aliweza kujiandikisha, wakati Mpoland aliyeishi miaka kumi na mbili na kulipa kodi yote hiyo hakuruhusiwa, labda awe kachukua uraia. Mcongo na Mrundi nao walikosa.

Na tusijifanye watakatifu, wapo wenzetu waliopiga kura ya kutoka kwa hoja kwamba Mpoland akitolewa nafasi itakuja kwetu. Kampeni yenyewe ililisha watu hiyo hoja, Priti Patel aliwaambia wenye mahoteli ya kari kwamba tukitoka Ulaya itakuwa rahisi kuleta wapishi kutoka Asia Kusini. Waliosubiri hao wapishi walisubiri sana.

Mbona waliokaza sheria ni watoto wa wahamiaji, tena wa kwetu?

Wa kwetu kabisa. Baba yake Rishi Sunak, aliyekuwa waziri mkuu, alizaliwa Kenya, mama yake Tanganyika. Wazazi wa Priti Patel, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, walitokea Uganda. Baba yake Suella Braverman, aliyeshika wizara hiyo baada ya Patel, aliondoka Kenya 1968.

Mwaka huo una historia yake. Wahindi wa Kenya wenye pasi za Uingereza walianza kukimbilia London, na Bunge likapitisha sheria ya kuwafungia kwa siku tatu tu. 1972 Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90, Uingereza ikapokea kama 28,000, na halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia msije kwetu, mji umejaa. Wakaja. Leo ukitembea Belgrave Road pale Leicester utasikia mzee anauliza bei kwa Kiswahili safi.

Patel alipoleta mfumo wake wa kutoa viza kwa pointi 2020 aliulizwa kwenye redio kama wazazi wake wangeruhusiwa kuingia, akakiri kwamba labda wasingeweza. Watu wanashangaa inakuwaje. Mimi sishangai sana, aliyeingia wa mwisho ndiye anayehangaika zaidi kuonyesha kwamba yeye siyo kama wanaokuja nyuma.

Baada ya Brexit wageni walipungua?

Walibadilika, kupungua kukaja baadaye. Wa Ulaya wakaanza kuondoka kuliko wanaoingia, na pengo likajazwa kutoka India, Nigeria, Pakistan, Zimbabwe, China. Mwaka ulioishia Juni 2023 walioingia ukitoa waliotoka walizidi laki tisa, karibu mara tatu ya kile kiwango kilichowafanya watu wapige kura ya kutoka. Na waliotunga kanuni za hizo viza ni serikali ile ile ya Boris Johnson iliyosema itarudisha udhibiti. Kufikia mwaka ulioishia Juni 2025 hesabu ikashuka mpaka kama 204,000.

Kati hapo kulikuwa na vituko. Septemba 2021 madereva wa malori hawatoshi, petroli haifiki vituoni, watu wanapigana kwenye foleni, serikali ikatangaza viza za miezi mitatu kwa madereva 5,000 wa nje warudi kwao Krismasi. Nani aache kazi Poland aje kwa miezi mitatu? Waliojitokeza wakawa wa kuhesabu.

Shambani nako, stroberi haijui Brexit, ikiiva imeiva. Viza ya msimu ilianza 2019 na nafasi 2,500, ikapanuliwa mpaka makumi ya elfu. Walianza kuja Waukreni, vita ilipoanza wakageukia Kyrgyzstan, Tajikistan, Nepal, Indonesia. Miezi sita unarudi. Mpoland alikuwa anapanda basi, huyu wa Nepal anaanza msimu akiwa na deni la tiketi na madalali wa kwao, na akigombana na msimamizi hana pa kwenda. Kwa mwenye shamba hapo kuna udhibiti kweli.

Na viza ya kea ilikuwaje? Bado inawezekana?

Kutoka nje, hapana. Ilifunguliwa Februari 2022, ikafungwa kwa wanaoomba wakiwa nje ya nchi 22 Julai 2025. Kabla ya hapo, Machi 2024, walishapiga marufuku kuja na mume, mke au watoto. Kwa hiyo mtu leo akikwambia ana sponsa wa kea (mwajiri mwenye leseni ya kuleta wafanyakazi) anakutafutia ukiwa Dodoma au Kisumu, mkimbie. Pesa yako usitoe.

Mwaka 2023 peke yake viza za afya na kea zilizidi 140,000 bila kuhesabu familia. Ndani yake kulikuwa na kampuni ambazo hazina wazee wa kuhudumia, zilikuwa zinauza ile hati ya sponsa tu. Watu waliuza viwanja, wakakopa kwenye vikoba, wakafika uwanja wa ndege na simu ya bosi haipokelewi. Kuanzia Julai 2022 mpaka mwisho wa 2024 serikali ilifuta leseni za sponsa zaidi ya 470 kwenye sekta hiyo. Safi, lakini kampuni ikifutiwa leseni anayepewa siku 60 za kutafuta sponsa mwingine au kuondoka ni mfanyakazi aliyetapeliwa.

Wauguzi ni mlango mwingine, Kenya ilisaini makubaliano na Uingereza Julai 2021.

Nikiwa na viza ya kazi naweza kuomba benefiti?

Hapana. Soma viza yako, imeandikwa huna haki ya fedha za umma. Universal Credit hapana, nyumba ya kaunsili hapana, posho ya watoto hapana. Kodi unalipa yote, bima ya taifa unalipa, na kabla hujaingia unalipia hospitali mapema, ambayo kuanzia Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima (wenye viza ya afya na kea wamesamehewa hiyo). Familia ya watu wanne kwa viza ya miaka mitano wanamwaga maelfu kabla hata ya kukohoa.

Hii ndiyo inaniudhi ukimsikia mtu kwenye baa anasema wanashuka kwenye ndege wanapewa nyumba. Nani kapewa? Ukipata ruhusa ya kukaa moja kwa moja ndiyo mlango unafunguka, au ukikubaliwa ukimbizi. Mwenye shida kubwa na watoto anaweza kuomba lile sharti liondolewe, inawezekana lakini tafuta wakili au shirika la ushauri kwanza.

Basi benefiti nani anakula?

Wazee. Zaidi ya nusu ya pesa ya ustawi inaenda kwa waliofika umri wa pensheni, ambao ndio wapiga kura wanaojitokeza zaidi, kwa hiyo hutasikia mwanasiasa anawaita wavivu. Kwenye Universal Credit, takwimu ambazo wizara ilianza kutoa 2025 zinaonyesha kama asilimia 84 ya wanaopata ni Waingereza, Waairishi na wenye haki ya kukaa bila masharti (right of abode), na karibu asilimia 10 ni wale wa Ulaya walioandikishwa baada ya Brexit. Wakimbizi hawafiki asilimia 2.

Halafu kuna kitu hakisemwi. Kuanzia 2010 waziri wa fedha Osborne alikata, akakata: ile inayoitwa kodi ya chumba cha ziada (kupunguziwa posho ya nyumba) 2013, kikomo cha jumla ya benefiti 2013, na kikomo cha watoto wawili alichokitangaza 2015 kikaanza 2017. Mchumi Thiemo Fetzer alichapisha utafiti 2019 kwamba maeneo yaliyokatwa zaidi ndiyo yaliyogeukia zaidi upande wa kutoka. Mtu kakatiwa na London, akaadhibu Brussels, lawama akapewa jirani yake Mlatvia.

Waliojilipua (walioomba ukimbizi) na wanaovuka na boti wanalipwa ngapi?

Anayesubiri majibu ya ukimbizi anapata kama pauni 49 kwa wiki akijipikia, akiwa kwenye hoteli anayopewa chakula ni chini ya pauni 10. Kwa wiki! Kazi haruhusiwi mpaka asubiri zaidi ya mwaka, na hata hapo ni kazi chache zilizoorodheshwa. Kwa hiyo anakaa hotelini kwa pesa ya walipa kodi kwa sababu kakatazwa kujilisha, walipa kodi wanamchukia kwa kukaa hotelini, na jioni anakodi akaunti ya mtu aendeshe baiskeli ya chakula. Mimi huu mpango sijawahi kuuelewa.

Boti zenyewe, 2018 walivuka 299, 2022 wakazidi 45,000. Brexit ilichangia kwa upande mmoja: ukiwa ndani ya Ulaya ulikuwa na mkataba wa kumrudisha mtu nchi ya kwanza aliyopita, ukitoka na mkataba umeuacha. Ndipo ukaja mpango wa kuwapeleka Rwanda, ulitiwa saini Kigali Aprili 2022, Mahakama ya Juu kabisa ikaukataa Novemba 2023, waziri mkuu mpya Starmer akauzika Julai 2024. Waliokwenda ni wanne, tena kwa hiari. Rwanda ilishalipwa pauni milioni 290.

Nina pasi ya Uholanzi lakini asili yangu ni Mbarawa (wa Barawa, Somalia). Brexit inanihusu?

Inakuhusu kuliko Mtanzania. Wasomali wengi, na Wabarawa ndani yao, pamoja na Wacongo wenye pasi za Ubelgiji au Ufaransa, walihamia Leicester, Birmingham na London kwa haki ya Ulaya. Waliofika kabla ya mwisho wa 2020 walitakiwa kuomba hadhi ya kukaa kabla ya 30 Juni 2021. Wapo bibi na babu waliodhani pasi nyekundu inatosha. Kama yupo kwenu, maombi ya kuchelewa yanapokelewa ukiwa na sababu ya msingi, mtafutie wakili.

Nasikia ruhusa ya kukaa moja kwa moja inakuwa miaka kumi, ni kweli?

Serikali ya Labour iliitangaza Mei 2025, kutoka miaka mitano kwenda kumi, na mapendekezo ya Novemba 2025 yanataka wa kazi za mshahara mdogo, kea wakiwemo, wasubiri hata kumi na tano. Yaani umembadilisha mzee nepi miaka yote hiyo, bila benefiti, kodi unalipa, halafu unaambiwa bado unajithibitisha. Kanuni zinabadilika haraka, kwa hiyo angalia tovuti ya serikali yenyewe tarehe unayoomba, na karatasi zako za mshahara, barua za kodi na tarehe za kusafiri uziweke kuanzia leo. Usingoje mwaka wa mwisho, ejensi nyingine zinafungwa na hakuna wa kukupa kopi.